Njia Zote Isipokuwa ya Kobe

Vasco Pianigiani alifanya kazi ya ufundi bomba mpaka mgongo ukamwambia basi, na katika Siena nzima hapakuwa na sinki asilolijua, isipokuwa masinki ya mtaa mmoja. Mtaa wenyewe haukuwa mbali. Ukisimama dirishani kwake, barabara ya San Marco, ukatema mate na upepo ukawa upande wako, mate yanaweza kufika huko, na yeye aliwahi kujaribu. Lakini Vasco alizaliwa mtaa uitwao Konokono, akamwagiwa maji ya chemchemi ya Konokono, ndio ubatizo wa mtaa, na mtaa ule ni wa Kobe. Hakukanyaga. Watu wengine wa Konokono hupita huko bila wasiwasi, wakienda kwa daktari wa meno au kununua mkate. Uadui wao wanauweka kabatini mpaka siku za mbio za farasi baina ya mitaa zifike. Nella, mkewe, alipita kila asubuhi na kikapu chake. Vasco hapana. Bomba lilipasuka kwa jamaa mmoja wa huko, wakamwita, wakamwahidi malipo maradufu, naye akawajibu kwamba wajifunze kuogelea.

Hata jina la mtaa huo hakulitamka. Alisema "wale," na kila aliyemjua alielewa ni wale gani.

Wageni wakisikia kwamba Konokono na Kobe hawaelewani kwa sababu ya mbio za farasi huangua kicheko, na Vasco alikwisha kusikia utani wao wote tangu utotoni. Mitaa mingine huwaita Konokono wazamisha-watakatifu, kwa kuwa inasimuliwa kwamba zamani, farasi wao aliposhindwa, walimchukua Mtakatifu Antonio, sanamu na yote, wakamtumbukiza kisimani. Vasco hakuikana hadithi hiyo. Alisema mtakatifu asiyesaidia, aoge.

Sasa mtu huyu alikuwa na binti mmoja tu, Fiorenza, na Fiorenza alikuwa na mimba ya kujifungua mwezi wa nane. Mumewe, Tiziano, ni kijana wa Livorno, mpole, asiyebishana na mtu, na alikuwa amepewa nafasi ya kazi bandarini kwao. Wangeamua wiki ile kama wahame au wabaki. Vasco alikuwa na hakika kwamba uamuzi hauko kwa Tiziano, kwa sababu Tiziano hakununua hata viatu bila kumpigia mama yake simu. Uamuzi ulikuwa kwa mama mtu, Bi Ilde, mjane, ambaye alikuwa hajatia mguu Siena tangu vijana waoane. Harusi ilifanyika Livorno. Na Bi Ilde alikuwa anakuja kwa siku moja kuutembelea mji.

Hesabu ya Vasco ilikuwa hii: mkwe akiupenda mji, atamwambia mwanawe abaki, mtoto atazaliwa hapa, atamwagiwa maji ya Konokono. Mkwe akiuchukia, mjukuu atakulia pwani, kati ya watu wanaokula supu ya samaki na wasio na mtaa wa kuufia. Mtoto asiye na mtaa, kwa maoni ya Vasco, ni bomba lisilo na mahali pa kumwagia. Alikwisha kukonda kwa mawazo hayo, ingawa tumbo halikuonyesha.

Kilichomkera zaidi ni tarehe. Yeye alipendekeza Jumamosi yoyote. Bi Ilde akang'ang'ania Jumapili ile ile ya katikati ya mwezi wa sita, ambayo ilikuwa sikukuu ya wale. Siku hiyo wale hutundika bendera zao za njano na buluu, hupita mjini na ngoma zao, na jioni hukusanyika kwenye chemchemi yao kuwamwagia maji watoto wapya. Vasco kwa kawaida siku hiyo hufunga madirisha na kujifanya mgonjwa.

"Baba," Fiorenza alimwambia asubuhi, akimnyoosha kola ya shati, "leo usizungumzie farasi. Usizungumzie Konokono. Mgeni akitaka kwenda mahali, mpeleke."

"Popote?"

"Popote, Baba. Siku moja tu. Unaweza kuwa mtu wa kawaida kwa siku moja?"

Vasco alisema anaweza. Nella, aliyekuwa akichemsha kahawa, alicheka kupitia puani.

Basi la Livorno lilimshusha Bi Ilde karibu na kanisa la San Domenico. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa vizuri, na mkoba mweusi alioukumbatia kifuani kama mtu aliyeonywa kuhusu vibaka. Waliamkiana kwa heshima zote. Vasco akataka kumpokea mkoba, kama ilivyo ada kwa mgeni. Bi Ilde akakataa. Vasco akaona ameanza vibaya.

Alianza na kanisa kwa kuwa lilikuwa hapo hapo. Akamwonyesha kichwa cha Mtakatifu Katerina ndani ya kijumba chake cha dhahabu, akamweleza kwamba mwili uko Roma, ila kichwa kiko Siena, na kwamba katika mgawo ule wao ndio waliofikiri. Bi Ilde akakitazama kichwa kwa muda mrefu, akauliza mguu uko wapi. Vasco akasema anavyosikia mguu uko Venezia.

"Masikini," Bi Ilde akasema. "Kwa hiyo mimi nikichoka leo sina wa kulalamika kwake."

Vasco akacheka, akapata moyo. Wakateremka hadi uwanja mkubwa wa Campo, ule unaolala mteremko kama sahani iliyoinamishwa, na hapo mambo yakamponyoka. Alikuwa amejiapiza kuzungumzia majengo. Akaanza na mnara, akasema ni mrefu na ni wa matofali, na maneno juu ya mnara yakamwishia. Macho yakamteleza mpaka ile kona ya mbio ambapo farasi huanguka, na ulimi ukafuata macho. Akaeleza magodoro yanavyowekwa kona ile, farasi gani aliichukua vibaya, mpanda farasi gani alinunuliwa, na jinsi yeye mwenyewe, kijana wa miaka ile, alivyopigana ngumi pale karibu na chemchemi ya uwanjani na mtu mmoja anayeitwa Alvaro Cinotti, wa wale, na hawajasalimiana mpaka leo.

Bi Ilde alisikiliza yote, akauliza uwanja unatumiwa kwa nini siku nyingine za mwaka.

"Siku zipi?" akauliza Vasco, na alikuwa hatanii.

Saa nne hivi walikuwa mbele ya kanisa kuu, lile la mistari myeupe na myeusi, na hapo Bi Ilde akatoa ombi lake. Alisema yeye si mtu wa makanisa sana. Alisema jambo moja tu analotaka kuona Siena ni Castelvecchio, kwa sababu amesikia ndiyo sehemu kongwe kuliko zote, na kama haiko mbali angependa waende sasa, kabla jua halijawa kali.

Haikuwa mbali. Ilikuwa hapo nyuma, mwendo wa mtu kumaliza sigara. Ila Castelvecchio iko ndani ya mtaa wa wale, katikati kabisa, kama kiini ndani ya yai.

Vasco alikumbuka maneno ya binti yake, na kwa kweli alifungua mdomo kusema twende. Kilichotoka ni kingine. Alisema kwa bahati mbaya huko hakupitiki. Bomba kuu la maji taka limepasuka tangu juzi. Na kwa kuwa alikuwa fundi, uongo wake ulikuja na vipimo: akaeleza upana wa bomba, akaeleza kilichomo, akaeleza kilipofika, na kwamba mbwa mmoja alikuwa bado hajapatikana.

Bi Ilde akamtazama kwa upole. Akauliza kama hakuna njia nyingine ya kufikia huko. Vasco akasema ipo, ila inazunguka.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hao hawakufika Siena. Vasco alimteremsha Bi Ilde kwa ngazi na vichochoro hadi chini kabisa Fontebranda, kwenye matao ya zamani yenye maji ya kijani na samaki, akampandisha tena kwa mteremko ambao hata punda angeomba mapumziko, akamtokeza upande mwingine wa mji, akamteremsha tena. Kila kilima kilipomalizika kulikuwa na kingine kikisubiri. Kila Bi Ilde alipoona uchochoro ulioelekea kusini, akauliza je huu, Vasco alikuwa na jibu tayari: huu una mbwa mkali, huu unaangusha vigae, huu una bibi mmoja anayemwaga maji dirishani bila kutazama. Mama wa watu akavua viatu mara mbili kutoa kokoto. Hakulalamika, na kutolalamika kwake kulimtia Vasco hofu zaidi kuliko lawama, maana alijua wanawake wa aina hiyo husubiri wafike nyumbani ndipo waseme.

Chakula cha mchana walikula kwenye mgahawa mdogo wa rafiki yake, tambi nene za kusukwa kwa mkono na mchuzi wa nyama, na divai nyekundu. Bi Ilde alikula vizuri. Vasco hakuweza kumeza. Alikuwa akipiga hesabu: mguu wake umevimba, hajaona alichotaka, na mimi nimeeleza habari za mavi asubuhi nzima. Kesho atampigia Tiziano simu. Keshokutwa watapakia vitanda. Akamwona mjukuu wake akikua kando ya bahari, kifua wazi, bila kitambaa cha mtaa shingoni, akiulizwa wewe ni wa wapi na kujibu tu, Livorno. Akanywa maji, mchuzi ukapoa.

Walipotoka, ngoma zikaanza.

Zilitoka mbali kwanza, kisha karibu, zikipanda ile barabara nyembamba waliyokuwemo, na Vasco aliujua mdundo huo kama mtu anavyojua hatua za mdai wake. Wale walikuwa wanakuja, ngoma mbele, warusha bendera nyuma. Akafikiri haraka. Akimwacha mgeni aone, mgeni atauliza hao ni nani. Akiuliza, atajibiwa. Akijibiwa, atajua wanatokea wapi, na hawakuonekana kama watu waliovuka bomba la maji taka. Akamshika Bi Ilde kiwiko, akamwingiza kwenye mlango wa kwanza uliokuwa wazi, na mlango huo ulikuwa wa duka la dawa.

Mwenye duka akauliza awasaidie nini. Vasco hakuumwa popote. Akanyoosha kidole kwenye kitu cha kwanza alichokiona, akakipata, akalipa, akamkabidhi Bi Ilde kwa heshima, zawadi ya mji. Bi Ilde akavaa miwani, akakisoma.

"Mkwe," akasema, "mimi miguu yangu ina malengelenge. Fangasi sina."

Vasco akaomba radhi. Akaanza kueleza kwamba katika Siena, kwa sababu ya unyevu wa mawe, watu huchukua tahadhari mapema. Ngoma zikafika mlangoni. Duka likatetemeka, chupa zikagongana rafuni, na Bi Ilde akamwachia dawa yake ya fangasi mkononi, akatoka nje bila kuaga.

Vasco alimwona kupitia kioo. Alisimama ukingoni mwa barabara, akafungua ule mkoba mweusi aliokuwa ameukumbatia tangu asubuhi, akatoa kitambaa kilichokunjwa ndani ya karatasi laini, akakikunjua. Kilikuwa cha zamani, kimepauka, kimeliwa na nondo pembeni. Kilikuwa cha njano na buluu. Bi Ilde akakifunga shingoni, na fundo likamshinda mara ya kwanza. Bendera zikapita juu ya kichwa chake. Kijana mmoja mpiga ngoma akakiona kitambaa, akainamisha kichwa kumsalimu, na mama yule wa Livorno akaanza kulia mchana kweupe.

Nisiseme uongo, Vasco alifikiria kutoroka. Duka lilikuwa na mlango wa nyuma. Alitoka kwa ule wa mbele, pengine kwa sababu miguu ilizoea.

"Nilizaliwa Castelvecchio," Bi Ilde akamwambia, akijifuta macho. "Baba yangu alikuwa mtu wa reli, walimleta hapa kikazi. Nilimwagiwa maji kwenye chemchemi yao nikiwa mtoto mchanga. Tuliondoka nikiwa na miaka sita. Mama alikificha kitambaa hiki maisha yake yote, na mwaka jana, kabla hajafa, akaniambia, nenda siku ya sikukuu, mwanangu, usiende siku nyingine."

Vasco akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakusema.

"Tiziano alinieleza wewe ni Konokono wa namna gani. Nikaona nikisema asubuhi, hutanipa hata maji ya kunywa." Akakunja ile karatasi vizuri. "Halafu nikataka kuona utafika wapi. Mbwa aliyepotelea kwenye maji taka nilimpenda. Ile ya bibi wa dirishani ilikuwa dhaifu kidogo."

Vasco alisimama pale na dawa yake ya fangasi, aibu imemjaa. Siku nzima alikuwa akimpamba na kumbembeleza mtu wa wale, akimlisha tambi, akimlipia. Na mtu huyo huyo ndiye mwenye ufunguo wa mjukuu wake.

Bi Ilde alisema sasa anakwenda chemchemini, na hamwombi amsindikize, ila angeshukuru. Alisema huko hakuna hata mtu mmoja aliye hai anayemkumbuka. Anaogopa kuingia peke yake akaonekana mtalii aliyeokota kitambaa sokoni.

Wakaenda. Safari hii ilikuwa njia fupi. Kwenye mdomo wa barabara ya wale, pale bendera ya kwanza ilipotundikwa, mguu wa Vasco uligoma. Hili si la kutia chumvi. Aliuamuru uende na haukwenda, akabaki amesimama kama nyumbu. Bi Ilde alitangulia hatua chache, akageuka, akasubiri. Hakumwita. Alionekana mdogo sana chini ya zile bendera, na fundo la kitambaa lilikuwa limekaa upande, jinsi mtoto anavyofunga. Vasco akamtukana Mtakatifu Antonio kimoyomoyo, akavuka.

Chemchemini palijaa watu. Kina mama walikuwa wamebeba watoto wachanga, wazee wamekaa kwenye viti, na aliyesimama kando ya maji akipanga foleni hakuwa mwingine ila Alvaro Cinotti, nywele zimekwisha, pua bado imepinda pale Vasco alipoiacha. Alvaro alimwona, akaacha kupanga foleni. Mmoja baada ya mwingine wale wote wakageuka. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama kuna aliyepasukiwa bomba.

Bi Ilde alijieleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akichanganya barabara na miaka, na jina la baba yake halikumwambia mtu yeyote kitu. Alvaro alimsikiliza kwa adabu, lakini alikikazia macho kile kitambaa, na ilikuwa wazi anavyofikiri. Kila mwaka huja watu wenye vitambaa vya bibi zao.

"Mama, samahani," akasema. "Nani hapa anakufahamu?"

Hakuna aliyejibu. Bi Ilde akatazama chini, akaanza kulegeza lile fundo.

"Namfahamu mimi," akasema Vasco.

Alvaro akageuka kumtazama.

"Nimetembea naye mji mzima leo," Vasco akaendelea, uso umemwiva. "Nimemdanganya tangu asubuhi asije huku, na amekuja. Nimemchosha, nimempandisha kila kilima, hakulalamika, na ndani ya mkoba alikuwa na kitambaa hicho, na alikuwa ananicheka. Kichwa kigumu namna hiyo, na moyo wa kisasi namna hiyo, kwetu hatuna. Huyu ni wa kwenu."

Alvaro Cinotti akaanza kucheka, na wale wote nyuma yake, na kicheko hakikuwa kibaya. Wakampisha Bi Ilde hadi mbele. Alvaro akachota maji kwa kiganja, akamgusa nayo kwenye paji la uso, ingawa mtu hamwagiwi mara mbili, na wazee wakamsogezea kiti. Mtu akamtilia Vasco divai. Aliinywa kwa ajili ya adabu tu. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwao, jambo lililomuudhi jioni yote.

Walirudi kituoni pole pole jua likiwa limelala. Bi Ilde alitembea bila viatu, kavibeba mkononi, hajali. Kabla basi halijafika, akasema wazungumze la watoto. Akamwambia Vasco, bila kuzunguka, kwamba yeye atamshauri mwanawe abaki Siena. Moyo wa Vasco ukaruka. Kisha Bi Ilde akaongeza sharti lake: mjukuu amwagiwe maji ya Kobe, kama yeye, kama ambavyo marehemu mama yake angependa.

"Ukikubali, nampigia simu usiku huu," akasema. "Ukikataa, sitasema kitu. Waende wanakotaka."

Vasco alikaa kwenye benchi. Mjukuu wa Konokono hakuwemo tena katika mizani; alikwisha kutoka. Upande mmoja kulikuwa na mtoto asiye na mtaa, aliye mbali, wa kuonwa Krismasi. Upande wa pili kulikuwa na mtoto wa wale, mwenye bendera ya njano na buluu, akipanda ngazi zake kila siku kuomba biskuti. Angemwona Campo siku ya mbio akishangilia farasi wa adui kwa sauti yake nyembamba. Angecheka akimwona babu yake ameshindwa. Angekuwepo.

Basi likaja, likafungua mlango.

"Awe Kobe," akasema Vasco. Lilikuwa neno ambalo mdomo wake haukuwahi kulitamka, na lilitoka limekwaruzika. "Lakini abaki."

Bi Ilde akamshika mkono, akaubana, akapanda.

Nyumbani Fiorenza alikuwa amekaa jikoni, miguu juu ya kiti, tumbo mbele yake. Nella alikwisha kulala. Vasco alisimulia kila kitu, kwa kuwa kufikia asubuhi mji mzima ungekuwa umesimulia kwa niaba yake. Alisimulia bomba, mbwa, dawa ya fangasi, chemchemi, na Fiorenza alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Kisha akafika kwenye sharti na jibu lake, na Fiorenza akaacha kucheka.

"Umesema awe Kobe? Wewe?"

"Nilimwambia mkwe awabakize. Hakuna bei nyingine aliyoitaja."

"Mama Ilde hawezi kutubakiza, Baba. Hakuwa na nguvu hizo hata dakika moja." Akateremsha miguu kitini. "Tiziano anataka kubaki hapa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyetaka kwenda Livorno."

Vasco hakuelewa.

"Nimekua nyumba hii," Fiorenza akasema. "Nilipovunjika mkono ulikuja hospitali siku ya pili, kwa sababu farasi alikuwa anakimbia. Nilipomleta mchumba wangu wa kwanza ulimfukuza mlangoni kwa rangi ya shati. Nikaogopa mwanangu naye atakuwa wa pili kila siku, nyuma ya bendera. Sikutaka aulizwe ni wa wapi kabla ya kuulizwa amekula."

Vasco alitazama mikono yake. Alitafuta neno la kujitetea, na yapo mengi, amekuwa akiyatumia miaka yote. Safari hii alisema tu kwamba ni kweli, na kwamba anaona haya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka jioni hiyo hiyo.

Fiorenza akainuka kwa shida, akaja nyuma ya kiti chake, akamwekea kidevu juu ya kichwa kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana.

"Basi tutabaki," akasema. "Na nyinyi wazee wawili mmekaa kituoni mnagawana mtoto wangu kama keki. Mtoto atamwagiwa maji nitakayoamua mimi, siku nitakayoamua mimi."

Vasco alifungua mdomo. Swali lilikuwa fupi, la neno moja, yapi, lilikwisha kufika kwenye meno. Binti yake akainama kidogo upande, akamtazama usoni, akasubiri.

Vasco akafunga mdomo, akainuka, akamuuliza kama amekula.